UZI: Bruda Colm wa Iten, mwalimu wa jiografia aliyefika hajui riadha

#1 (Mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Leo sina siasa wala sina Simba na Yanga. Vuteni viti.

Wazee wa humu mtakumbuka Boston ya Aprili 1988. Juma Ikangaa wetu, mwanajeshi, mfupi, anakimbia kama mtu aliyetumwa na mkubwa wake wa kambi. Mbio zikafika mwisho wakiwa wawili tu, yeye na Mkenya anaitwa Ibrahim Hussein. Hussein akamaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Ikangaa sekunde 44. Kilomita 42 na ushee, halafu unaachwa kwa muda wa kupiga chafya. Mwaka uliofuata Ikangaa akawa wa pili tena palepale Boston, na 1990 wa pili tena. Alikuja kupoza roho New York 1989 alipochukua ubingwa.

Mimi huyo Hussein nilimchukia utoto wangu wote bila hata kumjua. Ukubwani nikaanza kuuliza: huyu mtu alitokea wapi? Nikakuta amesoma sekondari inaitwa St. Patrick's, Iten (wenyewe Wakenya wanaiita shule ya upili). Sawa. Mwaka huohuo 1988, Olimpiki ya Seoul, dhahabu ya mita 1500 ikaenda kwa kijana wa miaka 21, Peter Rono. Alisoma wapi? St. Patrick's, Iten. Barcelona 1992, mita 3000 kuruka viunzi na maji, Matthew Birir. Iten. Wilson Kipketer, yule aliyehamia Denmark na kuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu mfululizo. Iten.

Shule moja. Nikasema hapa pana mtu.

Mtu mwenyewe anaitwa Colm O'Connell. Ni bruda wa Kikatoliki kutoka Cork, Ireland, shirika la mabruda la Patrician, ambalo lilianzishwa kwao tangu 1808 kwa kazi ya kusomesha. Alitua Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia. Riadha hakuijua. Hakuwa na cheti cha ukocha, na kule alikotoka hakuwa mtu wa viwanjani.

Kwa asiyepajua, Iten ni mji mdogo ukingoni mwa Bonde la Ufa, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mwendo wa kilomita thelathini na kitu kutoka Eldoret. Nilipita mara moja tu, likizo ya Desemba. Matatu ilinishusha kungali na giza, baridi inauma masikio. Kwanza nilisikia, sikuona. Chap chap chap chap, miguu mingi kwa pamoja kwenye udongo, halafu pumzi, halafu ndiyo wakatokea kwenye ukungu, kama ishirini hivi, wameshapita kabla sijafunga zipu ya jaketi. Baadaye jua lilipotoka nikaona raba zimeoshwa na kuanikwa kwenye miiba ya ua, pea kwa pea, maji mekundu yanadondoka. Ukisogea kidogo nje ya mji, ardhi inakatika. Unachungulia Bonde la Kerio huko chini, zaidi ya mita elfu moja, joto linapanda mpaka usoni.

Mwaka 1976 hiyo sehemu ilikuwa mbali na kila kitu. Shule yenyewe ilikuwa na miaka 15 tu, imeanza 1961, na sifa yake kubwa ilikuwa voliboli. Ndiyo, voliboli.

Sasa angalieni 1976 ilivyokaa. Ni mwaka ambao Afrika iligomea Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Kenya haikwenda. Sisi pia hatukwenda, na Filbert Bayi wetu akakosa kukutana na John Walker wa hiyohiyo New Zealand kwenye mita 1500. Kwenye mita 10,000, shaba ikachukuliwa na Mwingereza Brendan Foster. Na mdogo mtu, nisamehe, sijui nani mkubwa kati yao, basi ndugu yake Foster, Peter, wakati huo alikuwa mwalimu palepale St. Patrick's akiwafundisha vijana kukimbia! Alipoondoka, timu ya riadha ikaangukia mikononi mwa mwalimu wa jiografia aliyekuwa akimsaidia kuandika muda.

Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanza, na hapa ndipo napenda tukae.

Mtu asiyejua kitu ana njia mbili. Ajifanye anajua, au aangalie. Bruda akaangalia. Hakuwa na kitabu cha kuwabana vijana wafanane nacho, kwa hiyo akawa anatazama wanavyokimbia: bega hili linapanda, mkono ule unakata kifua, huyu anatua kisigino, yule akichoka kichwa kinaanza kucheza. Akajifunza kwao kabla ya kuwafundisha. Mpaka leo mazoezi yake yanajulikana kwa kitu kinachowashangaza wageni: yanaanza polepole mno. Mabingwa wa dunia wanatembea-kimbia kama wanaopeleka barua ya msiba. Halafu mazoezi ya viungo, mwendo wa mguu, mpangilio wa mwili, utulivu, kubadilisha kasi bila kukunja uso. Kasi inakuja mwisho, tena kwa kipimo.

Na alikuwa mwalimu, wakuu, hili tusilipite. Kocha wa klabu anamwona mwanariadha saa mbili kwa siku. Mwalimu wa shule ya bweni anamwona mtoto asubuhi darasani, mchana kwenye foleni ya chakula, jioni uwanjani, usiku prepo. Anajua nani kapokea barua mbaya kutoka nyumbani. Anajua nani hajalala. Anajua yule aliyekimbia vibaya Jumamosi alirudishwa nyumbani kufuata ada Ijumaa. Na anaye kwa miaka, si kwa msimu.

Mwaka 1986 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya riadha kwa vijana, Athens, na Bruda ndiye aliyewaandaa vijana wa Kenya. Peter Rono alikuwemo. Miaka miwili baadaye ndiyo ile dhahabu ya Seoul niliyoitaja juu.

Ngoja nile kwanza, naendelea na Rudisha, kijana wake wa mita 800.

#2

Nipo hapa. Usituache njia panda kama wale wa simulizi za mapenzi.

#3

Mkuu, Ikangaa umenikumbusha mbali. Mzee wangu alisikiliza redioni, akazima redio, akaenda kulala saa moja jioni.

#4 (Mleta mada)

Nimerudi.

David Rudisha hakusoma St. Patrick's, wengi wanakosea hapo. Ni Mmaasai wa Kilgoris, na baba yake, Daniel, alichukua medali ya fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne, Mexico 1968. Kwa hiyo kijana naye alikuja na mawazo ya mita 400. Alikuwa mrefu, hatua ndefu, akafika kambi ya Bruda Iten akiwa bado mwanafunzi. Bruda akamtazama, akamwambia ajaribu 800.

2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana kule Beijing. 2008 majeraha yakamnyima Olimpiki. 2009, mashindano ya dunia Berlin, akatolewa nusu fainali. Kocha mwingine angebadilisha kila kitu, au kijana angebadilisha kocha, maana kwa muda huo mawakala wa Ulaya wanakuwa wameshapanga foleni. Hakuna aliyeondoka. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 22, 2010, palepale Berlin, Rudisha akakimbia 1:41.09 na kuvunja rekodi ya dunia iliyodumu miaka 13. Baada ya wiki moja akaivunja tena Rieti, Italia, 1:41.01.

Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya nani? Ya Wilson Kipketer, 1:41.11, ya 1997. Yaani kuanzia 1997 mpaka leo hii ninapoandika, rekodi ya dunia ya mita 800 kwa wanaume haijatoka mikononi mwa watu waliopita Iten. Kipketer kaitoa kwa Mwingereza Sebastian Coe, Rudisha kaichukua kwa Kipketer, na ipo hapohapo.

Halafu London, Agosti 9, 2012. Kama hujawahi kuitazama ile mbio acha uzi huu, nenda kaitazame, urudi. Fainali za Olimpiki za mita 800 kwa kawaida ni za kuviziana. Watu wanabanana, viwiko, kila mtu anasubiri mwenzake. Pia fainali haina mtu wa kulipwa akuvute mzunguko wa kwanza. Rudisha akatoka mbele tangu mwanzo, akabaki mbele. Mzunguko wa kwanza sekunde 49.28. Mita 600, 1:14.30. Mtazameni pale kwenye kona ya mwisho: wenzake vichwa vinakwenda upande, meno nje, mabega yamefika masikioni. Yeye bega lipo chini. Uso kama wa mtu anayesoma tangazo ukutani. Mita hamsini za mwisho ndipo unaona kidogo shingo inakaza. 1:40.91.

Yule aliyeshika mkia, wa nane, alikimbia 1:43.77. Muda huo ungempa dhahabu Beijing 2008, Athens 2004 na hata Sydney 2000. Wa mwisho!

Sisi Watanzania tunaijua namna hiyo ya kukimbia. Ndiyo Bayi wa Christchurch 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola: kutoka mbele tangu mwanzo, waache wakufukuze mpaka wakushindwe, rekodi ya dunia ya 1500, dakika 3 na sekunde 32.2. Nikiitazama London roho inafurahi na kuuma kwa wakati mmoja.

Pale St. Patrick's kuna miti imepandwa kwa ajili ya mabingwa, kila mti na kibao cha jina. Bruda yeye alishaacha kufundisha jiografia zamani, lakini hakurudi Ireland. Akabaki palepale na kofia yake, anatazama watoto wa watu wanavyokimbia.

#5

Sawa, uzi mzuri, lakini samahani mkuu, nitakuwa mkorofi. Kila Mwafrika akishinda lazima atafutwe mzungu nyuma yake? Kipchoge Keino alichukua dhahabu ya 1500 Mexico 1968, huyo Bruda yuko wapi? Naftali Temu mita 10,000 mwaka huohuo. Amos Biwott kwenye viunzi. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, na hakupita kambi ya huyo Bruda. Wakenya wangekimbia tu hata angekuja kufundisha kushona.

#6

#5 naunga mkono. Na tusisahau Patrick Sang, fedha Barcelona nyuma ya huyohuyo Birir, leo ndiye kocha aliyemlea Eliud Kipchoge. Mkenya kamlea Mkenya. Hizo simulizi za mmisionari na watoto wa kijijini zinauzika Ulaya, basi.

#7 (Mleta mada)

#5 na #6, hoja yenu nainunua karibu yote. Hakuleta kasi. Kasi aliikuta. Na Keino sitaki hata kumweka mizani moja na mtu yeyote.

Ila tazameni hao mliowataja walitokea wapi. Kizazi kile kililelewa zaidi na jeshi, polisi na magereza, na baadaye vyuo vya Marekani. Yaani mtu anaonekana akiwa mtu mzima, tayari ana kazi au ana tiketi ya ndege. Ukiwa na miaka 15 huko ukingoni mwa bonde, nani anakuona? Iten ilisogeza macho mpaka sekondari. Likizo watoto hawakutawanyika, kukawa na kambi. Wengine wakaiga, mpaka leo mji mzima ni kambi, na Lornah Kiplagat, bingwa mwenyewe, akajenga kituo chake cha mazoezi palepale. Kwa hiyo simpi sifa za miguu ya watu. Nampa sifa za kukaa. Kakaa sehemu moja tangu 1976, na ninyi mnajua walimu wetu wakipangiwa pembezoni wanavyotafuta uhamisho kabla hawajafungua begi. Mimi mwenyewe niliandika barua yangu mwezi wa tatu, sijifichi.

#8

Tusidanganyane, ni hewa ya juu. Mita 2,400, damu inajaa chembe nyekundu, mchezo umeisha.

#9 (Mleta mada)

#8, La Paz ya Bolivia iko mita 3,600 na zaidi. Nitajie bingwa wao mmoja wa dunia wa mita 800. Nakusubiri. Kwetu pia milima ipo, Mbulu ipo, Hanang ipo, na imetoa watu: Gidamis Shahanga alichukua marathoni ya Jumuiya ya Madola 1978. Hewa inasaidia sana, sibishi. Lakini hewa haiandiki jina la mtoto kwenye daftari.

#10

Naomba kuuliza, mbona wote uliowataja ni wavulana? Mabinti walikuwa wanapika?

#11 (Mleta mada)

#10, umenikamata, na swali ni zuri kuliko hoja za #8.

St. Patrick's ni shule ya wavulana, hilo la kwanza. La pili, miaka ile binti wa kule akikua hesabu za wazee zilikuwa nyingine. Kambi ya likizo aliyoianzisha 1989 ndiyo iliyofungua mlango, mabinti wakaanza kuja na kukimbia na wenzao. Mmoja wa waliopita pale ni Lydia Cheromei. 1991 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mbio za nyika, Antwerp, akiwa na miaka 13. Mtoto wa darasa la sita kwa hesabu zetu! Kama kuna kitu kikubwa alichofanya yule mzee, mimi naweka hiki juu ya rekodi ya Rudisha, maana Rudisha angeonekana tu na mtu fulani, siku fulani, baba yake akiwa ana medali ya Olimpiki. Binti wa miaka 13 nani angemtafuta?

#12

Na dawa za kuongeza nguvu je? Wakenya wangapi wamefungiwa miaka ya karibuni? Hapo mbona kimya.

#13 (Mleta mada)

Wengi, na ni aibu, na pesa za mbio za barabarani zimechangia. Lakini ni mada ya uzi mwingine, ukiufungua nitakuja.

#14

Tangu Alphonce Simbu wetu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo 2025 nilikuwa najiuliza tunaanzaje kutoa wengine. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata, masomo yangu ni Kiswahili na uraia, michezo nimetupiwa kwa kuwa ndiye mdogo ofisini. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inakuja. Uwanja wetu una kichuguu katikati na ng'ombe wa watu. Sina saa ya kupimia muda zaidi ya simu. Riadha sijui. Mkuu #1, naomba msaada kwa kweli, si utani.

#15 (Mleta mada)

#14 mwalimu mwenzangu, kutojua usikuogope. Mimi si kocha, nakupa ninavyofanya kwangu kwa kuiba ya Iten.

Wiki ya kwanza usipime muda kabisa. Waambie wakimbie polepole, polepole mpaka waone aibu, dakika kumi na tano, wakikizunguka hicho kichuguu. Wewe simama upande mmoja siku ya kwanza, upande mwingine siku ya pili. Tazama mabega na mikono. Utashangaa, siku ya tatu utawatambua kwa miguu tu bila kuona sura. Wanaokunja ngumi waambie washike jani la mti kiganjani bila kulichana. Hiyo ya jani si ya Bruda, ni ya bibi mmoja muuza maandazi aliyekuwa anatutazama akicheka, na inafanya kazi.

Usimkimbize mtoto wa kidato cha kwanza kama wa cha nne kwa sababu tu ana kasi. Ukimkamua leo kwa ajili ya kombe la wilaya, akifika miaka 19 goti limekwisha.

Na muulize kila mtoto amekula nini. Mimi nilimlaumu kijana wangu mmoja muhula mzima kwamba ni mvivu mzunguko wa mwisho. Kumbe anatembea kilomita nane kuja shule, na chai ya asubuhi hanywi. Nilijua mwezi wa sita. Nilikuwa naye darasani tangu Januari.

#16

Hapo kwa chai umenigusa. Ninao kama hao.

#17

#8 bado anatafuta bingwa wa La Paz, msimsumbue.

#18 (yule yule #14)

Nimeshukuru. Nimenunua kaunta buku, daftari kubwa, nimechora mistari. Walioandikisha ni kumi na wanne, mabinti watano. Mmoja hana raba, anasema atakimbia peku mpaka mama yake auze mahindi. Mwenye ng'ombe amekubali kuwatoa saa kumi jioni, Jumatatu na Alhamisi. Kichuguu tumekiacha.